Uso wa Eliasi Ukutani

Jumapili, 4 Machi 2001

Naandika mimi Penina, mama yake Eliasi, kwa mkono huu uliojifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima huku mtoto yuko mgongoni. Naandika ili mvua hizi zikiisha mtu asije akasema Penina alikubali. Sikukubali.

Leo baada ya ibada amekuja shemeji yangu Sifael, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Kaja na wazee wengine wawili. Wamekunywa chai, wamemaliza maziwa, ndipo akakohoa.

"Mama Eliasi, tumekaa tumeona. Mvua ikikatika, tunamzika kijana."

"Mtamzika nani? Mna maiti?"

"Tutazika mgomba. Unajua taratibu zetu."

Nazijua kuliko yeye. Katika ukoo wetu mtu akipotea na mwili usipatikane, unakatwa mgomba wa kimo chake, unavikwa nguo, unazikwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, kama mtu. Kilio kinafungwa, mke anakuwa mjane, shamba linagawanywa. Mchungaji hujifanya haoni, ila huja kuomba.

Eliasi wangu alikuwa machimboni Mererani, kwenye tanzanite. Vuli iliyopita shimo lao liliingia maji. Waliotolewa wazima walitolewa, waliotolewa wafu walitolewa, wengine wamebaki chini. Eliasi hajaonekana kokote. Wala hapana mtu anayeweza kuapa kwamba siku ile aliingia shimoni. Wako wanaosema alikuwa ameshahama. Kule hata ukiuliza Eliasi hawamjui, kila mtu ana jina la utani. Yeye walimwita Askofu kwa sababu hakunywa pombe.

Nimewaambia wazee warudishe vikombe jikoni waende zao.

Jumatano, 7 Machi

Mvua. Aikande, mke wa Eliasi, hakula tena. Anadeka. Mimi ndiye niliyezaa, na nimekula.

Alhamisi, 8 Machi

Siku hizi kila mwenye lori ni mnunuzi wa kahawa. Zamani tulikuwa na chama cha ushirika peke yake, tukakilaumu. Sasa tuna makampuni, kila moja na fulana zake. Kampuni mojawapo imetuletea kijana anaitwa Frederick, atatufundisha kila Alhamisi kwenye ukumbi wa ushirika. Nimekwenda kwa sababu wanatoa soda.

Kaja na jenereta, kompyuta inayokunjwa kama Biblia, na kisanduku cheupe chenye jicho moja la kioo. Kinaitwa projekta. Katundika shuka ukutani, kaziba madirisha kwa magunia, kawasha. Kisanduku kikaanza kuhema kama mwenye pumu, ukuta ukawaka.

Akatuonyesha ruhuka, yule mdudu anayetoboa punje za kahawa. Shambani ruhuka ni kama ncha ya penseli. Pale ukutani alikuwa mkubwa kama ndama! Jirani yangu Elifuraha akaita "Yesu!" akanyanyua miguu juu ya benchi. Nikamwambia ashushe miguu, huo ni mwanga tu, watu wazima hawafanyi hivyo. Lakini na mimi nilishtuka. Nimewaponda ruhuka kwa kucha tangu usichana wangu, sikujua kwamba wana vinyweleo miguuni. Leo nimeviona, kimoja kimoja.

Soda ilikuwa ya moto.

Jumamosi, 10 Machi

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Diana, binti yangu mdogo anayeuza mitumba mjini, Sombetini, kaja mbio na mkanda wa video chini ya koti. Ni mkanda wa harusi ya rafiki yake, iliyofanyika Mererani mwezi wa pili. Mwezi wa pili! Maji yaliingia shimoni mwezi wa kumi na mbili.

"Mama, kaa chini kwanza," akasema.

"Nimekaa maisha yangu yote. Sema."

"Kaka Eliasi yumo."

Tumekwenda wote kwa Mwalimu Abdiel mwenye televisheni na deki. Maharusi wanakata keki. Nyuma yao kuna turubai, na chini ya turubai mwanamume aliyevaa shati la bluu anapita na kreti za soda. Anageuka kidogo, anaondoka. Basi. Mwalimu amerudisha nyuma mpaka akaanza kuogopa mkanda utaliwa. Uso wenyewe ni kama punje ya harage. Paji la uso ni la baba yake. Au si lake. Nikikaza macho nampata, nikipepesa nampoteza.

Sifael naye alikuwepo. "Mtu mwenyewe hana hata pua," akasema. "Huyo anaweza kuwa mimi."

"Wewe hujabeba kreti tangu uzaliwe," nikamwambia.

Aikande alitazama mara moja tu, akageukia ukuta.

Nimerudi nyumbani nikiwa na wazo langu.

Alhamisi, 15 Machi

Nimefika ukumbini kabla ya benchi kupangwa.

"Shikamoo bibi," Frederick akasema.

"Marahaba. Keti. Ile mashine yako imenionyesha vinyweleo vya ruhuka. Nataka inionyeshe uso wa mwanangu."

Nikamweleza yote. Kijana ana adabu, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akakuna kichwa. Nilijua hapo kwamba anataka kukataa.

"Bibi, hii mashine haina akili ya kwake. Ndani kuna taa kali sana. Mwanga wake unagawanywa mara tatu: mwekundu, kijani, bluu. Kila mmoja unapita kwenye kioo kidogo kuliko stempu. Kwenye kile kioo kuna vitobo vingi mno, vinafunga na kufungua, ndivyo vinavyochora picha. Kisha rangi zinaungana, zinatokea kwenye hiyo lenzi, zinatawanyika ukutani. Mimi nikiirudisha mashine nyuma, picha inakua. Lakini vitobo ni vilevile. Hatuongezi kitu, tunatanua tu."

"Kama chapati."

"Umepatia, bibi! Unaisukuma inapanuka, lakini unga ni uleule. Ukizidi, inatoboka."

"Na ruhuka?"

"Ruhuka kapigwa picha kamera imemkaribia kabisa, kamera maalumu. Vinyweleo vilikuwemo tangu mwanzo. Mwanao kapigwa kutoka mbali, tena kwenye mkanda."

Nikamwambia, "Wewe umesomea kahawa. Hujasomea watoto. Mdudu ambaye hana mama umemfanya ndama, mwanangu mimi unaniambia chapati?"

Akacheka, kisha akaona sicheki, akaacha. Nikamuuliza mjini wanaitumia kwa kazi gani, maana haiwezi kuwa ya wadudu tu.

"Semina, bibi. Mikutano ya wageni. Harusi, wanaonyesha picha za maharusi walivyokuwa wachanga. Mpira. Kuna kanisa wanaonyesha maneno ya nyimbo ukutani."

"Vitabu vya nyimbo vimeibwa?"

Mwishowe amekubali, ila Diana alete deki na waya wake. Anasema taa ya ndani ina umri, ikiungua kampuni itamdai yeye. Nikamwambia na mimi nina umri.

Jumatatu, 19 Machi

Mvua, mvua. Sifael kapita na fito begani. Anatayarisha ua wa msiba, hajifichi.

Alhamisi, 22 Machi

Frederick hakuja. Barabara imekatika chini ya Tengeru. Nimesimama mlangoni pa ukumbi mpaka kanga ikalowa.

Jumapili, 25 Machi

Baada ya ibada nimemkuta Aikande anaongea na Sifael nyuma ya zizi. Nilisikia kwa masikio yangu: "Baba mdogo, hata mimi nimechoka." Nimechoka! Mume bado hajajulikana yuko wapi, mke kachoka. Nimemwambia usoni kwamba anaharakisha kumzika mwanangu ili aolewe. Kachukua ndoo kaenda mtoni kwenye matope yale. Mjukuu wangu Hope, ambaye ni mwanawe, akanitazama kama mtu mzima. Nikamfokea na yeye.

Alhamisi, 29 Machi

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Frederick kaja, Diana kaja na deki kutoka Kijenge, kaazima kwa Nathanaeli, kijana aliyepiga ile video. Ukoo wote ulikuwa ukumbini. Tukaziba madirisha kwa magunia na mablanketi yangu. Somo la kahawa likaenda haraka. Mvua ikaanza kupiga bati, na bati la ukumbi ule linavuja tangu ushirika ulipokufa. Nikaona tone linadondokea karibu na mashine. Halafu lingine. Frederick alikuwa chini ya meza anahangaika na waya. Mimi nikavua kanga yangu nikaifunika mashine vizuri, kama unavyomfunika mtoto, nikaacha jicho tu lione.

Picha ikatokea. Keki. Turubai. Nikasimama. Na kabla mtu wa shati la bluu hajaingia, kitaa chekundu kikawaka kwenye kisanduku, ukuta ukawa mweusi.

"Nani kafunika?" Frederick kapiga kelele, adabu zote zimemtoka. "Hii inavuta hewa ubavuni ipoze taa! Umeziba pua yake!"

"Ilikuwa inanyeshewa."

"Bora inyeshewe kidogo, bibi, kuliko kupikwa!"

Nilipoondoa kanga ilikuwa ya moto kama imetoka kwenye pasi. Tukasubiri ipoe. Akawasha, haikuwaka. Akawasha, haikuwaka. Anasema labda imejizima yenyewe kujiokoa, labda taa imekwisha kabisa, mpaka waifungue mjini.

Sifael hakunicheka. Ningependa angenicheka. Kaja kanishika kiwiko akaniongoza nje kama kipofu.

Jumamosi, 31 Machi

Sijatoka nje.

Alhamisi, 5 Aprili

Frederick hakuja. Kaleta salamu kwa dereva wa lori la kahawa kwamba mashine iko kwa fundi.

Jumatano, 11 Aprili

Mvua imepungua. Nimeomba inyeshe. Watu wote wanaomba jua lianike mahindi na mimi naomba mafuriko. Mungu atajua mwenyewe amsikilize nani.

Jumapili, 15 Aprili. Pasaka

Eliasi hakuwahi kukosa sikukuu. Krismasi hakuja. Leo nilipika za kutosha na yeye. Aikande akaona sahani iliyozidi, akaichukua, akagawa kile chakula kwa watoto. Mikono yake imebaki mifupa. Kumbe nilikuwa simwangalii.

Jumanne, 17 Aprili

Jua. Mlima Meru umetoka wote, hauna hata wingu. Sifael kachimba kaburi karibu na kahawa za zamani. Nimekwenda nikasimama ukingoni.

"Ningoje mpaka keshokutwa," nikasema. "Dereva wa lori kaniletea habari, mashine imepona."

"Na ikionyesha si yeye?"

"Itaonyesha ni yeye."

"Mama Eliasi, sikuulizi mashine. Nakuuliza wewe."

Nikaondoka. Shemeji yangu amezeeka. Alichimba peke yake, hakuajiri mtu. Mimi siku zote nimesema anataka shamba.

Alhamisi, 19 Aprili

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Frederick kanikalisha mbali na mashine, kama mtoto mtundu, na nilistahili. Jua lilikuwa kali, tukaziba kila tundu kwa magunia. Elifuraha akaziba la mwisho kwa mgongo wake.

Mtu akaja ukutani. Mkubwa! Kichwa kilifika kwenye boriti. Na uso, mama yangu, haukuwepo. Niliujua tangu ulipokuwa haujafumbua macho, na haukuwepo. Ulikuwa ukungu wa kahawia uliokatwakatwa vijumba vidogo kama wavu wa dirisha. Kadiri Frederick alivyozungusha lenzi, vile vijumba ndivyo vilivyozidi kuonekana. Jicho lilikuwa doa. Kinywa kilikuwa doa. Chapati imetoboka.

Na palepale watu wakaanza. "Ndiye! Ndiye Eliasi!" Sijui nani alianza. "Tazama paji! Tazama shingo!" Diana kaanguka magotini. Mzee mmoja akaanza wimbo wa kushukuru. Sifael, yule Sifael aliyechimba kaburi, alikwenda hadi ukutani akaweka kiganja kwenye lile shavu la mwanga, kivuli chake kikamfunika yule mtu kabisa, akalia kama mtoto mdogo. "Mwanangu. Nilikuwa nakuzika, mwanangu."

Frederick akarudisha tena. Mimi nilikuwa nimebaki nimekaa. Kwa kuwa uso haukuwepo, macho yangu hayakuwa na pa kukaa, yakashuka. Kwenye televisheni sikuwahi kushuka, nilikuwa nakodolea ile punje ya harage tu. Sasa nikaona mikono. Nikaona yule mtu anainama, anashika kreti kwa mkono wa kulia, anaipandisha juu hadi kichwani kwa mkono huo mmoja.

Eliasi alianguka kutoka kwenye mparachichi akiwa mdogo. Kiwiko cha kulia kikaungwa vibaya. Mkono ule haukuwahi kupita kifua chake. Shati nilimvalisha mimi mpaka alipojifunza kuanza na mkono mbovu. Mzigo aliubeba kwa kushoto.

Ukumbi mzima unaimba. Wanangoja niseme. Sikusema.

Ijumaa, 20 Aprili

Wamefukia kaburi. Watu wanakuja na ndizi na maziwa kunipongeza.

Jumapili, 22 Aprili

Sifael kasimama kanisani kushuhudia kwamba mtoto wa kaka yake yu hai. Watu wakapiga makofi. Nilitazama viatu vyangu.

Najiambia: huyo si Eliasi, lakini haimaanishi Eliasi amekufa. Ni kweli. Nimejiambia hivyo nikifagia, nikikamua, nikimenya. Ni kweli lakini haishibishi.

Jumanne, 24 Aprili

Aikande anakula. Anaimba. Kafua blanketi la Eliasi kalianika. Leo kaniambia Jumamosi anakwenda Mererani na watoto wote.

"Na shule ya Hope?"

"Atasoma hukohuko, mama. Nitapanga chumba. Nitauza uji machimboni, niwe nauliza kwa kila shimo. Mtu wa shati la bluu, wapo watakaomkumbuka."

"Kule si mahali pa kwenda na watoto."

"Baba yao yuko kule." Akanishika mikono yote miwili. Hajawahi kunishika mikono tangu aolewe hapa. "Mama, nisamehe. Wewe hukukata tamaa, mimi nilikata."

Nilitaka ardhi inimeze. Nimemtukana miezi yote hii huyu binti kwa kuchoka, na alipochoka alikuwa sahihi. Sasa amepata nguvu kwa kitu ambacho hakipo, na nguvu hizo zinampeleka akazunguke machimboni na watoto, akimtafuta mgeni mwenye mkono mzima.

Alhamisi, 26 Aprili

Frederick kafundisha kukata matawi ya kahawa. Sikwenda.

Nimemwita Aikande kihambani, mbali na watoto. Nimemwambia palepale tukiwa tumesimama, sijui kuzungusha maneno.

"Yule si Eliasi. Kreti kainyanyua kwa mkono wa kulia mpaka kichwani."

Kuku wakapita.

"Wewe ni mkewe," nikasema. "Mkono unaujua. Hukuuona?"

"Nilifumba macho, mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Niliogopa kutazama. Nikasema nitasikiliza mama atasema nini. Mama yake akikataa, nitajua. Nikasikia watu wote wanapiga kelele, nikasikia wewe hukatai."

Nikageuza uso. Mimi!

"Ulikuwa umeshaona?" akauliza.

"Nilikuwa nimeona."

"Siku ileile?"

"Palepale."

Hakunipiga. Aliokota jembe lake akaenda shambani akalima mahali palipokwisha kulimwa.

Ijumaa, 27 Aprili

Nimekwenda kwa Sifael. Nimemwambia achimbe tena.

"Siwezi," akasema. "Nimesimama kanisani, nimesema yu hai. Nitasimama tena niseme nini?"

"Sema Penina kasema."

"Na kama kweli yu hai? Wewe ndiye uliyesema!"

"Akiwa hai atakuja, atakuta kaburi lake, atatucheka. Nitafurahi kuchekwa. Lakini sitamweka yule binti njia panda mpaka azeeke hapo kama mimi. Chimba."

Akainamisha kichwa. Nilipofika mlangoni akaniita: "Shemeji. Mimi nilimwona, ujue. Kwa macho haya. Nilimwona kabisa."

"Najua," nikasema. "Na mimi nilimwona mwezi mzima."

Jumamosi, 28 Aprili

Asubuhi nimechukua panga. Hii ni kazi ya wanaume wa ukoo na sikumwomba mwanamume ruhusa. Nimepita mgomba kwa mgomba. Eliasi akisimama, kichwa changu kinamfika begani. Mmoja ni mrefu mno, mwingine ni mnene, yeye hakuwa mnene. Mmoja una ndizi changa, nikauacha. Nilijikuta nachagua kama mtu anayechagua kitambaa sokoni, nikajionea haya, nikaendelea.

Nikaupata nyuma ya zizi. Nikasimama karibu nao. Bega lilikuwa pale linapotakiwa kuwa.

Upande wa kahawa za zamani nikasikia jembe. Sifael anachimba.

Nimeukata kwa mapigo mengi, mikono yangu si ya zamani. Ukaanguka polepole juu ya majani. Nilipoinama kuushika nikaona miguu ya Aikande. Kajifunga kitenge kiunoni. Hakunisalimu. Akaenda upande wa chini, akaweka mikono. Mimi nikashika upande wa kichwa. Maji ya mgomba yalikuwa yanachuruzika pale nilipokata, yananilowesha viganja mpaka kwenye viwiko.

"Ngoja kwanza, mama," akasema. "Uishe kutoka maji."

Tukangoja.